Kiendeshi

Mia nane, aliandika kijana wa Luthuli kwenye kikokotoo,
nami nikamwonyesha vidole sita.
Tukakutana kwenye saba. Bei haihitaji masikio.
Akaifunga kamera kwa gazeti la juzi,
akanitilia na kisahani chake kinachong'aa,
kiendeshi cha mfumo ambao mimi sina.

Mashine yangu ilitupwa na shule moja ya Pangani.
Kibodi haina herufi ya Q.
Ndani nimeuweka ule mfumo wa bure, ulio wazi,
ambao yeyote anaweza kuupasua akaona utumbo wake.
Osebe huniita fundi. Osebe hajui
kwamba usiku mwingi fundi hubahatisha.

Nikachomeka. Taa haikuwaka.
Nikachomoa, nikapuliza tundu, nikachomeka tena,
kama tufanyavyo sote, tuliosoma na wasiosoma.
Nikauuliza mfumo: nani amechomekwa hapo?
Ukajibu kwa safu. Kipanya. Kibodi.
Na mwisho mgeni asiye na jina,
tarakimu nne, nukta mbili, tarakimu nne.
Basi ulikuwa unamwona.
Ulikuwa hujui tu la kumwambia.

Hilo nalijua.
Nimesimama hivyo kwenye foleni za benki
maisha yangu yote.

Kesho saa tatu, Osebe, kutoka Eldoret.
Wengine wakisema tutaonana huwa ni adabu.
Sisi tunamaanisha.

Saa tano usiku nikaupata msimbo,
mistari mia sita ya mtu nisiyemjua,
na katikati ameacha neno la pembeni:
Sijui kwa nini namba hii inafanya kazi. Usiiguse.
Nikampenda hapo hapo.
Sikuigusa.

Kuujenga kulitaka vichwa vya kiini, megabaiti kumi na moja;
bando langu lilikuwa na tisa.
Nikakopa. Nikautazama mstari ukijaa
kama mtungi chini ya mfereji wa ploti
siku ya zamu yetu, tone, kisha kusita, kisha tone,
huku mita ya stima ikinikonyeza nyekundu.

Kosa.
Kiini kilipokua kilibadilisha jina la kitu kimoja,
na yule bwana wa mistari mia sita hakuambiwa.
Nikalibadilisha kwa niaba yake.
Nikajenga tena. Nikapakia.
Mgeni akapata jina, akapata na kiti.

Nikafungua picha.
Ruhusa imekataliwa.
Mimi. Kwenye mashine yangu.
Chumba hiki cha Ngara kodi nalipa mimi!
Kumbe kuna kundi la watu wanaoruhusiwa kutazama
na sikuwamo. Nikajiandikisha kwa mkono wangu,
nikatoka, nikaingia upya kama mwanachama.

Taa ikawaka. Kijani.
Na chumba changu kikaning'inia:
kitanda darini, kalenda imesimama kwa kichwa,
ndoo imeshikamana na sakafu iliyo juu, na maji yake yote ndani,
na mimi nikiwa popo mwenye fulana.
Aliyeunda kamera hii aliibandika miguu juu
na hakumwambia mtu.

Nikasema asante kwa mkono.
Kwenye kioo ikawa kitu
ambacho hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Dawa ipo, najua, mstari mmoja tu kabla ya kufungua,
lakini ilikuwa saa nane na macho yalikuwa yamefunga duka.

Saa tatu. Osebe akatokea, wima, amenyoa.
Akanitazama. Akainamisha shingo kushoto,
akainamisha zaidi, hadi akapotea nje ya picha.
Kiti kitupu. Ukuta wa Eldoret.
Kisha ukuta ukazunguka mzima mzima
na Osebe akarudi ananing'inia kama mimi,
kamera yake ameipindua kwenye rafu.

Akainua mikono, yaani akaishusha,
na neno lake la kwanza, baada ya miezi saba,
nililisoma pole pole, kichwa upande:

Hiyo ndoo, mbona haimwagiki?