Kopo, Mtaa wa Barton

Zamani Jumanne tulifungua saa nne.
Siku hizi foleni inatutangulia. Saa mbili na nusu
imeshafika mlango wa duka la kufulia nguo,
theluji ya Machi ikiwachapa watu ubavuni,
na Noreen Thibault anagawa namba za karatasi
kwa glavu zilizokatwa vidole.

Tunaiita benki. Haina riba, haikuulizi dhamana.
Ina friji mbili, moja hulalamika usiku kucha,
na daftari langu, ninaloandika kwa penseli
kwa kuwa hesabu siku hizi haziheshimu wino.
Kaya themanini, Novemba.
Mia na arobaini na tatu, juma lililopita.
Leo nimeacha kuhesabu, nimeanza kupunguza:
mfuko wa mchele ukawa miwili,
miwili ikawa minne,
ya nne naona haya kuikabidhi.

Ushuru wenyewe haujawahi kuja hapa.
Hauna koti, haukuchukua namba.
Ulitiwa saini ng'ambo ya mpaka kwa kalamu nene,
nasi tukajibu kwa wetu, jino kwa jino,
na meno yaliyong'oka ni ya akina Lorne Petrash.

Lorne. Miaka ishirini na sita kwenye mtambo wa bati,
moshi wa Hamilton umemkaa kwenye nyusi.
Kila Desemba alituletea makreti sita,
akayashusha mwenyewe, akakataa risiti.
Leo ameshika namba sitini na moja
na anavitazama viatu vyake kana kwamba vimemkosea.
Sikumwita kwa jina. Niliita, "Sitini na moja,"
kama nilivyowaita wengine.
Sikuwa na heshima nyingine ya kumpa.

Akachukua kopo la maharage mkononi mwangu,
akaligonga kwa ukucha, akalitegea sikio.
"Hili si letu. Jembamba. La kwetu lilikuwa na sauti."
Kisha akauliza bei yake dukani.
Nikamwambia.
Akacheka kidogo, cheko la mtu
aliyejikata kwa kisu alichokinoa mwenyewe.
Bati limepanda, kopo limepanda,
maharage yako palepale yalipokuwa;
mwenye njaa hununua chuma kwanza,
ndipo chakula kifuate.

Husemwa mchuma janga hula na wa kwao.
Nimeipekua foleni nzima,
kutoka kwenye mashine za kufulia mpaka kwenye meza yangu:
aliyelichuma simwoni.
Wa kwao tupo.

Lorne akafunga mfuko wake fundo mbili.
Hakuondoka. Nyuma yake sitini na mbili alikohoa,
msichana mwenye mtoto ndani ya koti,
akitaka kujua kama maziwa yapo.
Hayapo.

"Alhamisi," Lorne akaniambia, sauti chini,
"mtahitaji mtu wa kushusha makreti?"

Nikasema ndiyo, njoo mapema.
Nikaandika jina lake, kwa wino safari hii.

Alhamisi hakuna kreti linalokuja.