Simu Arobaini na Moja

Kazi yangu pale Tolliver, Montana,
mbali na kubeba mipira
na kuwafunga wasichana bandeji vifundoni,
ilikuwa kuomba mechi.

Julai, ngano ikianza kupiga manjano dirishani,
niliketi na orodha ya vyuo vikubwa
na kahawa iliyokwisha kupoa,
nikapiga simu arobaini na moja.
Njooni mcheze kwetu, nilisema.
Au tuje sisi, nauli juu yetu;
basi letu lina joto upande mmoja tu
lakini linafika.

Walikuwa na adabu.
Ratiba imejaa. Labda mwakani.
Mmoja, Prentiss Aldridge,
wa chuo chenye uwanja wa viti elfu kumi na nne,
alinizidishia ukweli:
"Dada, nikikushinda sipati kitu.
Nikishindwa na wewe, napoteza kazi."
Nikayaandika maneno hayo pembezoni mwa orodha
nikayazungushia duara.

Ukaja msimu.
Tukacheza na waliokubali kucheza,
saa sita za theluji kwenda, sita kurudi,
Jolene Haugen akisoma kemia kwa tochi ya simu,
Marit amelala mdomo wazi,
goti lake limeviringishwa barafu ndani ya soksi.
Tukashinda ishirini na nane.
Tukapoteza mbili,
moja ikiwa wiki ile ya mafua
nilipobaki na wachezaji saba na ndoo.

Jumapili ya kutangazwa majina tulijaa bwaloni.
Wapishi walitoka jikoni na aproni zao,
fundi wa matrekta akambeba mwanawe mabegani.
Jina letu lilipotokea kwenye skrini
tulipiga kelele kabla ya kusoma namba.
Kumi na nne.
Kelele ikakatika kama umeme.

Kamati ilieleza, kwa sauti ya daktari:
rekodi nzuri, ila hawajacheza na wakubwa.
Hawajacheza.
Kana kwamba tulijificha chini ya kitanda.
Mtu anakufungia mlango wake,
halafu anakuandikia kosa la kutokuingia.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
sisi tulipewa nusu ya kwanza ya methali.

Na walio juu huchezea nyumbani,
ndiyo kanuni.
Ndege mbili, basi moja,
na mlangoni, tai shingoni, nani kama si Aldridge.
"Hatimaye tumekutana," akasema.
Mkono wake ulikuwa na joto
la mtu aliyelala kwenye kitanda chake.

Sitasema refa alituonea. Hakutuonea.
Waliruka kutuzidi,
na kila aliyechoka kwao
aliinuka mwingine mrefu kuliko yeye.
Lakini sekunde nne kabla ya mwisho
tulikuwa nyuma kwa pointi mbili,
viti elfu kumi na nne kimya,
na Marit, kwa goti lilelile,
akarusha kutoka mbali.
Mpira ukazunguka ringi mara mbili
kama mgeni anayetafuta pa kukaa,
ukatoka.

Jolene alilia hadi uwanja wa ndege.
Mimi sikulia; nilikuwa na langu moyoni.
Mpira ulipokuwa bado haujaamua
sikuutazama.
Nilimtazama Aldridge.
Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili
kama abiria kwenye kona mbaya.

Julai hii nimekaa tena dirishani.
Ngano ni ileile, kahawa imepoa vilevile.
Nilianza na yeye.
"Ratiba imejaa," akasema,
kabla sijamaliza kutaja jina la mji.