Shazia

Ofisi yangu ni nusu chumba, Kanyenye,
nyuma ya cherehani tatu za fundi Mwajabu.
Zikikimbia, mtaa hausikii mteja wangu akilia.
Ndiyo maana kodi nafuu.
Mlangoni nimeandika: SIZYA. UPELELEZI. HAKUNA MKOPO.
Mikopo ninayo mimi: ya wanzuki, ya viatu,
na mmoja usio na duka la kuulipia.

Walikufa watatu kabla karanga hazijaisha kuvunwa.
Walinzi wa maghala, wote.
Mmoja kando ya reli ya Mpanda, mmoja Cheyo,
wa tatu Ntabo wa Isevya,
aliyekutwa na redio kifuani
ikiendelea kusoma matangazo ya vifo vya wengine.
Polisi wakasema: wezi.
Wezi gani wanaacha karanga, wanaacha redio,
wanaondoka na pumzi peke yake?

Kalunde, mjane wa Ntabo, alikuja na ndoo.
"Pesa sina. Hii asali ya mzinga wake."
Niliipokea kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu.
Nusu ilikuwa kwa mama pima kabla ya Jumamosi.
Nalisema hili mapema, msije mkanipenda.

Nilipolevuka nilikwenda ghalani.
Tundu dogo chini ya sikio, damu kidogo:
shazia, ile sindano ya magunia.
Na pembeni, gunia alilokuwa akilifunga Ntabo
lilikuwa limeshafungwa.
Mishono saba, yote imelalia kulia,
ya mtu wa mkono wa kushoto
asiye na haraka.
Aliua, kisha akamsaidia marehemu kazi.

Nikakaa chini palepale kwenye maganda.
Mishono ile naijua.

Miaka kumi na moja nyuma nilivaa kaki,
zamu ya usiku, karibu na stesheni.
Akauawa kuli mmoja wa Urambo. Niliandika yote:
shazia, mishono, mkono, jina la mtu.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri wakati ule.
Asubuhi kaka wa mtu akaniletea baiskeli,
kengele bado imeviringishwa karatasi,
nami nikauchana ukurasa
taratibu, usitoe sauti.
Baiskeli iliibiwa mwezi uleule, nje ya kilabu.

Tabora ni kubwa kwa anayetoka Sikonge na matenga ya nyanya,
ni ndogo kwa anayemkwepa mtu.
Hukutana nami sokoni, hunipa mkono wa kushoto,
huomba radhi kwa mkono huo,
huniuliza habari za baiskeli.

Ukurasa sikuuchoma. Sijui kwa nini.
Upo nyuma ya picha ya mama, ndani ya fremu,
yeye akitazama mbele
kama asiyejua alichobebeshwa mgongoni.

Saa tisa usiku treni ya Kigoma ilipiga honi.
Nilihesabu nauli kitandani.
Ilifika Uvinza.
Niliihesabu tena, ikafika Kaliua.

Kalunde alirudi asubuhi. Hakuja kuuliza muuaji,
alikuja kuchukua ndoo yake.
Nikageuza picha, nikang'oa misumari kwa meno ya ufunguo,
nikamwekea karatasi mezani.
Alisoma akiburuta kidole chini ya kila neno,
akafika kwenye jina, hakushtuka,
akafika kwenye sahihi, akaniangalia.
"Hii tarehe umekosea?"
"Sikukosea."
Alihesabu miaka kwa vidole,
mikono yote miwili, ikapungua,
akaazima kimoja changu.

Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Alikunja karatasi, akaitia ndani ya ndoo, akafunika.
"Twende," alisema. "Kituoni utaisoma wewe.
Ni mwandiko wako."

Nje, fundi Mwajabu aliinua mguu kwenye kanyagio.
Cherehani zote tatu zikanyamaza,
na mtaa mzima ukasikia viatu vyangu vya mkopo
vikilia hatua kwa hatua.