Shubiri Moja

Mvua ya Coventry inagonga kioo cha jikoni.
Navaa miwani juu ya miwani,
nainamia Miura nyekundu, urefu wake shubiri moja.

Nafunua boneti ya nyuma kwa ncha ya kibanio:
silinda kumi na mbili,
nyaya nyembamba kama unywele wa kichanga,
na nembo ya herufi
za kusomwa na sisimizi.

Nani alikaa akaishona ngozi ya viti hivi,
naye akijua hatakalia mtu?

Miaka thelathini nilikaza boliti kiwandani.
Magari yalitoka mlangoni
yakinipa kisogo.

Hili haliendi popote.
Nalisukuma kwa kidole
hadi kwenye bakuli la sukari.

Zamda ananiita, chai imepoa.
Namjibu kwa midomo:
vrruuum.