Kimo cha Baba

Michoro haipo. Reli waling'oa zote
nikiwa bado natambaa,
na karatasi za ofisini, wasemavyo, zilifungiwa karanga sokoni.
Nilichobaki nacho ni picha moja, kingo zimeliwa na mende:
baba kando ya garimoshi,
koleo mkononi, kofia imelala upande,
nyuma yake ubao, NACHINGWE,
herufi ya mwisho imebaki nje ya picha.

Humo baba ana milimita thelathini.
Bomba la moshi lina sitini na saba.
Basi ukijua kimo cha baba
umejua yote: gurudumu, tangi, ngazi,
hata dirisha alilochungulia wakipita Mtama.
Ukimkosea baba, umelikosea garimoshi zima.

Nikafungua sanduku la mama.
Kanzu yake ya Idi nikaitandaza mkekani,
nikaipima bega hadi pindo.
Nikajumlisha shingo na kichwa (nilitumia changu,
husema tumefanana),
nikajumlisha kifundo hadi kisigino.
Mia na sitini na nane. Nikaandika ukutani kwa mkaa.

Shangazi Somoe alikuwa mlangoni anabangua korosho,
vidole vimebabuka.
"Futa hiyo. Kaka yangu alikuwa mrefu.
Alikuwa akiinama kuingia humu."
"Shangazi, mlango huu hata mimi nainama."
"Wewe unainama kwa adabu. Yeye aliinama kwa urefu."

Ongeza sentimita saba, akadai.
"Nguo hurudi, mwanangu. Ukiifua, inarudi."
Kweli, kanzu imerudi.
Mwenyewe aliondoka na mabehewa ya mwisho,
yaliyobeba reli zenyewe.

Saba kwa mtu
ni nane za milimita kwenye bomba langu,
maana nimepunguza ishirini kuwa moja.
Unene wa penseli.
Nani atauona?
Mimi.

Cherehani ya miguu ya marehemu mke wangu
niliigeuza mashine ya kukereza:
kanyaga, chuma kizunguke, tupa ile.
Tangi la mvuke ni bomba la shaba la hospitali,
walipoweka la plastiki.
Kuba lake ni koki ya maji.
Mikono ya magurudumu ni mbavu za mwavuli.
Ribiti ni vichwa vya pini, mia nne na kumi na mbili,
na kumi na moja zilidondoka sakafuni
nikazitafuta kwa magoti, kwa kurunzi, kwa matusi.
Likapa wa kuchomelea akacheka:
"Mzee, ungeunda bodaboda, saa hizi ungekuwa Masasi."

Bomba la moshi nililikata mara tatu.
La kwanza kwa kanzu.
La pili kwa shangazi.
La tatu usiku, umeme umekatika;
nikaishikilia picha karibu na kibatari,
nikakata pale mkono uliposita.
Sikulipima. Mpaka leo sijalipima.

Jumapili nikatandika reli za nondo nyembamba
kutoka kizingitini hadi kwenye kinu.
Maji kikombe kimoja, spiriti kifuniko kimoja.
Likakaa kimya muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina.
Kisha likakohoa,
likatema maji machafu,
likaenda.

Shangazi hakuinua uso.
Aliuvuta tu ungo wake wa korosho pembeni,
kwa mkono mmoja, bila haraka,
kama mtu aliyezoea kupisha.
Lilipogonga kinu na kusimama, ndipo akaliinamia,
akachungulia kibanda cha dereva, jicho moja limefumba.
"Na mwenyewe umemweka wapi?"

Bado sijamchonga.
Kipande cha mpingo kipo dirishani tangu siku ile,
nacho ni kirefu kupita hesabu zote mbili.