Kauli ya Kutendwa

Jumatatu, kabla chai haijashika rangi,
nanunua gazeti kwa Mutheu, Barabara ya Jogoo,
naanzia nyuma, kama kila mwenye akili timamu,
na pale, chini ya picha yake ya miaka kumi iliyopita,
Otwori Machuki amekwisha kutuzika.

Nilifundisha sarufi miaka thelathini na miwili.
Kalamu nyekundu haijatoka mkononi.
Basi tazama, nasema, na mke wangu anasogeza sukari:

Reli wakifunga, "wamefunga". Kitenzi kimesimama wima,
mtenda ana jina, ana namba mgongoni,
ana mama huko Bondo anayemwombea.
Sisi Mbotela tukifunga, "goli lilipatikana".
Lilipatikana! Kama mbuzi aliyepotea.
Kama shilingi chini ya kochi.

Reli wakicheza rafu, ni ukakamavu.
Sisi, ubabe wa vichochoroni.
Kipa wao akiteleza, uwanja ulikuwa na maji.
Wafubwa wetu aliteleza kwenye maji yale yale,
lango lile lile, baada ya mapumziko,
akaandikiwa aya nzima kuhusu nidhamu,
na pombe, ingawa neno pombe halikutajwa,
ilisemwa tu kwamba "usiku wa Ijumaa una mambo".

Wafubwa ni Msabato.
Ijumaa jua likizama yuko kanisani Maringo, anaimba besi.

Nikamwandikia Machuki. Barua, kwa mkono,
makosa kumi na saba, kila moja na mstari wake.
Hakujibu. Wiki iliyofuata aliandika
kwamba mashabiki wa Mbotela "wameanza kusoma".

Wameanza!

Jirani yangu Ogwang', mtu wa Reli toka tumboni mwa mama,
alikuja kuazima spana, akalikuta gazeti linavuja damu.
Alicheka hadi akaketi.
"Machuki? Huyu si ni wenu!
Mwaka juzi alituita mabwana wa bahati.
Nimeikata, iko kwenye faili."
Na kweli alikuwa na faili.

Tulibishana hadi spana ikasahauliwa.
Kisha akaomba daftari langu,
lile la jalada gumu, ambamo tangu themanini na tatu
nimeandika kila mechi niliyoitazama kwa macho haya,
Toyoyo, City, Nyayo,
mvua na jua, matokeo na wafungaji.
Akasoma kimya. Akanyoosha mkono.
"Niazime kalamu."

Nikampa. Sikujua.

Mwandiko wangu huu, wino wangu:
"Tuliwafunga dakika ya tisa, kichwa safi cha Lumadede."
"Goli lao liliingia."
"Tulipambana. Walijiangusha."
"Tulinyimwa. Walizawadiwa."
Ukurasa baada ya ukurasa, miaka arobaini,
hakuna mtu wa Reli aliyewahi kufunga katika daftari langu.
Magoli yao yaliingia tu, yenyewe,
kama moshi, kama panya,
kama wageni wasiobisha hodi.

Ogwang' alipiga mistari polepole, kama anayeshona.
Hakucheka tena.
Labda alikuwa analiwaza faili lake.

Jumapili tulikwenda pamoja, upande wa jua.
Dakika ya sabini, namba kumi na moja wao
aliupokea mpira kwa kifua, hakuuacha uguse chini,
akaachia shuti kutoka mbali, mbali ya kumtukana mtu,
na Wafubwa akaruka, akashika hewa.
Ogwang' hakushangilia. Alinitazama mimi.

Usiku nikafungua daftari.
Nikaandika "Goli lao", nikafuta.
Karatasi ikachubuka.
Nikaandika "alifunga", halafu nikakwama,
kwani kitenzi kilikuwa kinadai mtu wake
na jina sikuwa nalo.
Misimu minne kijana yule anatutesa,
sikuwahi kuuliza.

Saa tano na nusu. Nikagonga ukuta wa Ogwang'.
Alinitajia herufi kwa herufi,
taratibu,
kama imla.