Jangwa Lililo Chini ya Maji

Karibuni. Mimi Taprandich, nitawatembeza leo.
Aliyeshika usukani ni Muchendu;
haongei kabla ya saa tatu, msimchukulie vibaya.
Mikate itieni mifukoni, mifuko isukumeni chini ya viti:
nyani wa hapa wanajua zipu.
Asiteremke mtu mpaka niseme.
Hata picha ikiita. Hata kibofu kikiita,
semeni kwanza, kuna mahali.

Mtarajie nini? Nitasema kweli, pesa mmeshalipa.
Kifaru, huenda. Akiwepo atawapa mgongo
kama karani wa ardhi Ijumaa alasiri.
Simba sitoi ahadi. Jana alilala juu ya mti,
leo ana shughuli zake.
Na heroe wale wa kwenye kalenda wamehamia Bogoria.
Chumvi ya hapa imezimuliwa, chakula chao kimepotea,
wamebaki wachache ukingoni
kama wageni wa arusi walioachwa na gari.

Bi Achola wa Kondele, kiti cha nyuma,
ameuliza mara mbili: na jangwa je?
Tangazo liliandika jangwa.
Aliyeandika hajafika Nakuru, mama.
Lakini usidai pesa zako bado.
Muchendu, pinda kushoto.

Lile ni lango la zamani. Mnaliona paa tu.
Barabara inaingia majini kama iliyoitwa,
wala haitokei ng'ambo.
Migunga imekufa imesimama,
na juu ya kila tawi mnandi anaanika mbawa.
Maji yalipanda usiku na mchana, hayakubisha hodi.

Sasa, jangwa.

Nilikuwa darasa la tatu ziwa lilipokauka.
Sisemi kupungua. Kukauka,
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Likabaki jeupe, limepasukapasuka,
na kila adhuhuri upepo ukalizoa ukalileta mjini:
magadi juu ya shuka, magadi ndani ya unga,
Bondeni, Shabab, Kaptembwa, kote macho mekundu.
Mama alifua alfajiri, akafua tena jioni,
akasema, ziwa limekuja kututembelea
na halina adabu.

Kaka yangu Kibowen alijua tundu kwenye ua.
Tukapenya, watoto sita na mpira wa makaratasi,
tukacheza katikati ya ziwa.
Ardhi ikilia chini ya nyayo, krap, krap,
kama mtu atafunaye maandazi ya juzi.
Mlingoti mmoja wa goli, kiatu chake cha kulia.
Wa pili, cha kushoto.
Vumbi likaja kama ukuta, tukakimbia
tumeshikana mashati tusipoteane,
tukafika nyumbani weupe hadi kope.
Mama hakuuliza tulikotoka.
Aliuliza viatu viko wapi.

Siku hizi Kibowen anaendesha lori, Malaba na kurudi.
Nikimkumbusha kwa simu anacheka:
dada, uliota wewe,
nani achezee mpira ziwani?
Nami kila siku naleta watu papa hapa,
nawaonyesha mwari, nawaonyesha furukombe,
na hilo moja nalimeza.
Halionekani,
na mimi nimeajiriwa kuonyesha.

Ila leo umeuliza, Bi Achola.
Basi fuata kidole changu.
Wapite wale mwari wanne,
wapite, sogea kidogo, kushoto kwa kile kisiki.
Hapo. Kipa nilikuwa mimi.
Hapo chini kuna viatu vya shule, namba nne,
vilinunuliwa kwa deni,
na deni lililipwa mpaka nikaingia darasa la tano.

Muchendu amezima injini, sikumwambia.
Saa tatu imeshapita
na bado hasemi kitu.

Fungeni madirisha. Nyani wameshatuona.